Maria Montessori: Daktari aliyewafunza watoto kujitawala bila kiboko

MNAMO Januari 6, 1907, watoto zaidi ya 50 wa vibarua walikusanywa katika chumba cha orofa ya chini ya jengo la kukodisha kwenye barabara ya Via dei Marsi, mtaa wa San Lorenzo, jijini Roma. Walikuwa wa umri wa kati ya miaka miwili na saba. Wengi wao walikuwa wakilia, na wengine waliogopa hata kujibu walipoulizwa majina yao.

Wenye jengo hawakuwa na haja kubwa na elimu ya watoto hao. Walichotaka ni mtu wa kuwazuia wasiendelee kuchafua kuta na kuharibu ngazi wazazi wao walipokuwa vibaruani kuanzia alfajiri hadi machweo. Gharama ya kupaka rangi upya ilikuwa juu kuliko gharama ya kumlipa mlezi.

Aliyekabidhiwa mradi huo alikuwa daktari wa umri wa miaka 36, Maria Montessori. Haikupita miaka mingi kabla ya wageni kuanza kufunga safari kutoka mataifa ya mbali ili kujionea watoto wale wale waliokuwa wakikwaruza kuta wakifanya kazi zao kwa utulivu, bila mwalimu kupaza sauti wala kushika kiboko.

Leo jina lake limeandikwa kwenye malango ya shule nyingi za chekechea nchini Kenya, aghalabu zile zinazotoza karo ya juu. Baadhi ya wazazi hudhani ni jina la kampuni au la mtaala uliobuniwa kwa ajili ya watoto wa matajiri. Ukweli ni kinyume kabisa cha hayo.

Maria alizaliwa Agosti 31, 1870, katika mji mdogo wa Chiaravalle, mkoa wa Ancona, nchini Italia. Babake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya fedha aliyeshughulikia viwanda vya tumbaku. Mamake, Renilde Stoppani, alikuwa mwanamke mpenda vitabu katika enzi ambapo wanawake wengi wa Italia hawakujua kusoma. Kazi ya babake iliipeleka familia hiyo Florence, kisha Roma mnamo 1875.

Katika shule za wakati huo, madawati yalikuwa yamepigiliwa sakafuni na mtoto hakuruhusiwa kusogea. Somo lilikuwa la kukariri. Baadaye Montessori aliwafananisha wanafunzi wa shule za aina hiyo na vipepeo waliotungwa kwa pini, kila mmoja mahali pake, mabawa yakiwa yamekufa ganzi.

Akiwa na umri wa miaka 13 alijiunga na shule ya ufundi iliyojaa wavulana, akiwa na nia ya kuwa mhandisi. Alipobadilisha nia na kutaka kuwa daktari, babake alipinga. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Roma mnamo 1890 kusomea sayansi, na baada ya kupita mitihani yake akaingia kitivo cha utabibu.

Maisha ya msichana katika kitivo hicho hayakuwa rahisi. Haikuchukuliwa kuwa adabu kwa mwanamke kusimama pamoja na wanaume mbele ya mwili ulio uchi, hata kama ni maiti. Hivyo basi, alilazimika kuipasua maiti peke yake jioni wenzake walipokwisha kuondoka, huku akivuta tumbaku ili kupunguza harufu ya dawa. Babake, licha ya kutoridhika, alikuwa akimsindikiza chuoni kwa sababu haikufaa binti kutembea peke yake.

Alihitimu mnamo 1896, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kupata shahada ya udaktari nchini Italia. Mwaka uo huo aliiwakilisha nchi yake katika kongamano la wanawake jijini Berlin, ambapo alitetea malipo sawa kwa wanawake na wanaume. Magazeti yalimsifu, ingawa baadhi yaliandika zaidi kuhusu urembo wake kuliko hoja zake. Yule baba aliyempinga akaanza kukata taarifa hizo na kuzibandika katika albamu.

Kazi iliyombadilisha ilianza katika zahanati ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu. Sehemu ya wajibu wake ilikuwa kuzuru vituo vya wagonjwa wa akili vya Roma. Humo aliwakuta watoto waliosemekana kuwa na upungufu wa akili wakiwa wamefungiwa pamoja na watu wazima katika vyumba vitupu, bila chombo chochote cha kuchezea.

Mhudumu mmoja alilalamika kuwa watoto hao ni wachafu na walafi kwa kuwa, baada ya kula, walijitupa sakafuni kuokota makombo ya mkate. Montessori aliwatazama kwa makini. Aligundua kwamba hawakuyala makombo yale mara moja. Waliyashika, wakayafinya na kuyageuza vidoleni. Katika chumba kile kitupu, makombo yalikuwa ndicho kitu pekee ambacho mikono yao ingeweza kufanyia kazi.

Tukio hilo dogo linabeba sehemu kubwa ya falsafa yake. Kile ambacho mhudumu alikiita ulafi, daktari alikiona kuwa njaa ya aina nyingine. Tangu hapo, kila alipokabiliana na mtoto aliyesemekana kuwa mtukutu, swali lake la kwanza lilikuwa ni kitu gani anachokosa, si adhabu gani anayostahili.

Alirejelea kazi za madaktari wawili wa Ufaransa waliokwisha kusahaulika, Jean Itard na Édouard Séguin, ambao katika karne ya 19 walikuwa wamewafundisha watoto wenye ulemavu wa akili kwa kutumia vitu vya kushikwa. Alizitafsiri kazi zao na kuzinakili kwa mkono wake mwenyewe, kutoka mwanzo hadi mwisho, ili asipitwe na neno.

Mnamo 1900 shule ya kuwaandaa walimu wa watoto hao ilifunguliwa jijini Roma, naye akawa mkurugenzi wake pamoja na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Baadhi ya watoto waliodhaniwa hawafundishiki walifaulu mitihani ya kusoma na kuandika iliyofanywa na watoto wa shule za kawaida. Watu walistaajabu. Yeye alistaajabia jambo jingine: ilikuwaje watoto wenye afya njema wa shule za umma wakawa nyuma kiasi cha kufikiwa na wanafunzi wake?

Hapa ndipo pana sehemu ya maisha yake ambayo wafuasi wake walikawia kuizungumzia. Kati yake na Montesano palikuwa na mapenzi, na mnamo Machi 31, 1898, walipata mtoto wa kiume aliyepewa jina Mario. Hawakuwa wameoana. Mwanamke aliyeolewa wakati huo alitarajiwa kuacha kazi, na mwanamke asiyeolewa aliyejulikana kuwa na mtoto angepoteza kila kitu.

Mtoto alipelekwa kwa siri kulelewa na familia moja mashambani. Mamake alikuwa akienda kumwona pasi na kumwambia yeye ni nani. Mnamo 1901 Montesano alimwoa mwanamke mwingine. Montessori aliiacha shule waliyoiongoza pamoja, akarudi chuoni kama mwanafunzi kusomea falsafa na taaluma zinazohusiana na malezi. Mnamo 1904 alikuwa mhadhiri katika chuo icho hicho.

Wakosoaji wake wamelirudia jambo hili mara nyingi: mwanamke aliyeufunza ulimwengu kumheshimu mtoto hakumlea wake mwenyewe. Ni kweli, na hakuna haja ya kulipamba. Hata hivyo, lawama hiyo imekuwa ikimwangukia mama peke yake, ilhali mtoto huyo alikuwa na wazazi wawili.

San Lorenzo lilikuwa eneo la maghala na reli, lenye majengo yaliyoachwa nusu baada ya biashara ya ujenzi kuporomoka. Kampuni moja iliyaboresha baadhi ya majengo hayo na kuyapangisha kwa wafanyakazi. Mkuu wake, Edoardo Talamo, ndiye aliyemwomba Montessori kuwatunza watoto. Makao hayo yaliitwa Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto.

Hakupewa fedha za kuajiri mwalimu aliyefuzu. Alimchukua msichana wa palepale, binti wa bawabu wa jengo, ambaye hakuwa na mafunzo yoyote ya ualimu. Yamkini hiyo ndiyo bahati kubwa aliyoipata, maadamu mwalimu aliyefuzu wa enzi hiyo angekuja na kiboko chake na desturi zake. Msichana huyu aliambiwa awape watoto vifaa, awaonyeshe namna ya kuvitumia, kisha awaache.

Mambo ya mwanzoni hayakuwa mazuri. Walezi waliosikia kuwa mtoto ana uhuru walidhani hawapaswi kuingilia lolote. Baadhi ya watoto walipanda juu ya meza, wengine wakasukumana, na walezi wakasimama kando wakitazama. Ilibidi Montessori mwenyewe aingilie kati na kuonyesha mpaka uko wapi. Jambo lolote linalomuumiza au kumkera mwenzako, na tendo lolote la ufidhuli, lilizuiwa papo hapo bila mjadala. Yaliyosalia yote yaliruhusiwa, na mtu mzima alitakiwa kuyatazama kwa makini.

Wanaodhani kuwa mbinu yake ni ya kuwadekeza watoto huisahau sehemu hii.

Alimtaja msichana mmoja wa takriban miaka mitatu aliyekuwa akivitoa vipande vya mbao vya mviringo kwenye matundu yake ubaoni na kuvirudisha, kila kipande katika tundu linalolingana na unene wake. Montessori aliwaomba watoto wengine waimbe na kuzunguka chumba. Msichana hakuinua macho. Akakiinua kiti pamoja na msichana mwenyewe na kukiweka mezani. Msichana alivikumbatia vipande vyake, akavipakata, akaendelea. Alirudia kazi hiyo zaidi ya mara 40, kisha akaacha kwa hiari yake, akatazama huku na huku kwa furaha kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mtamu.

Hakuna aliyemwambia akae kimya wala kumwahidi zawadi. Daktari huyo aliandika kuwa mtoto akishaonja umakini wa aina hiyo, tabia zake nyingine hubadilika: hugombana kidogo, hungoja zamu yake, huwasaidia wadogo. Utulivu, kwa maoni yake, haukuwa hali ya kuwekwa kwanza ndipo kazi ianze. Kazi ndiyo iliyouleta.

Kwa hiyo alianza kulipanga darasa lenyewe ili lifanye sehemu ya kazi ya mwalimu. Aliondoa madawati mazito na kuagiza viti na meza ndogo ambazo mtoto angeweza kuzibeba. Kiti kikianguka kwa kishindo, mtoto mwenyewe husikia kuwa ametembea vibaya. Badala ya vikombe vya bati, aliwapa vya kioo na kauri. Wageni waliona huo ni wazimu. Lakini kikombe kinachoweza kuvunjika humfunza mtoto kuidhibiti mikono yake kuliko maonyo kumi ya mwalimu.

Isitoshe, kila kifaa kilikuwa kimoja tu darasani. Aliyekitaka na kukikuta kimeshikwa na mwenzake hakuwa na budi kungoja au kuchagua kingine. Mtoto wa miaka minne alijifunza subira hapo mara nyingi kwa siku, bila kuhubiriwa.

Siku moja mlezi alichelewa kufika, na kabati la vifaa lilikuwa limeachwa bila kufungwa. Alipoingia aliwakuta watoto wamelizunguka, baadhi wakiondoka na vifaa. Aliona ni wizi unaostahili adhabu. Montessori aliona kuwa watoto sasa wanavijua vifaa kiasi cha kujichagulia kazi. Aliagiza kabati fupi zisizo na milango, na tangu hapo mtoto alichukua alichotaka na kukirudisha mahali pake.

Suala la zawadi na adhabu lilimshughulisha zaidi, kwa sababu mwanzoni naye, kama walimu wengine, alidhani haviepukiki. Walezi walikuwa wakiwavika nishani watoto waliofanya vyema, na kuwakalisha watundu kwenye kiti katikati ya chumba. Siku moja nishani ilimdondoka mtoto mmoja aliyekuwa akipita huku na huku na kazi zake. Aliyekuwa akiadhibiwa akaiokota na kumwonyesha. Mwenye nishani hakujali, akaendelea na shughuli zake. Yule wa kwenye kiti akajivika nishani hiyo, akaridhika. Montessori alijifunza kwamba pambo humfaa yule asiye na la kufanya.

Kulikuwa pia na mchezo wa kimya. Siku moja aliingia darasani akiwa amembeba mtoto mchanga wa miezi minne. Aliwaonyesha wanafunzi jinsi kitoto hicho kilivyotulia na jinsi kinavyopumua polepole, akawatania kuwa hakuna awezaye kutulia kama hicho. Watoto walizuia miguu na mikono yao hadi mlio wa saa ukasikika. Baadaye alikuwa akisimama chumba cha pili na kuwaita mmoja mmoja kwa mnong'ono. Watoto zaidi ya 40 walingoja majina yao kwa pumzi za taratibu, wa mwisho akingoja kuliko wote.

Aliwaletea peremende kuwatuza. Wakazikataa, kana kwamba zingewaharibia jambo walilolifurahia.

Kuhusu mtoto aliyewasumbua wenzake na kukataa kutii, utaratibu wake ulikuwa wa kitabibu. Kwanza alimpima afya. Akiwa mzima, aliwekewa meza yake pembeni, akiwa ameketi kwa starehe na kupewa vifaa alivyovipenda, huku uso wake ukiwaelekea wenzake ili awaone wakifanya kazi. Mwalimu alimwendea kwanza kila alipoingia, kwa upole ule ule anaopewa mgonjwa. Kwa mujibu wa maandishi yake, upweke huo ulimtuliza karibu kila mtoto, akatamani kurudi katika kundi.

Mtu aliyelelewa kwa methali ya mchelea mwana kulia atasoma habari hizi kwa shaka. Nchini Kenya kanuni iliyoruhusu kiboko shuleni iliondolewa mnamo 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikapiga marufuku adhabu ya kimwili. Walimu wengi wamelalamika kuwa walipokonywa kiboko bila kupewa kitu cha kukichukulia nafasi, na kwamba darasa la watoto 60 halitawaliki kwa maneno matamu. Lalamiko hilo lina uzito. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kuwa San Lorenzo kulikuwa na watoto zaidi ya 50 wa familia maskini, wa umri tofauti, na mlezi asiye na cheti.

Shaka nyingine ni ya kisayansi: je, haya si masimulizi ya mtu anayejisifia kazi yake? Swali hilo lilichukua takriban miaka mia moja kupata jibu la maana. Mnamo 2006 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu watoto wa mji wa Milwaukee, Marekani, walioomba nafasi katika shule ya umma ya Montessori. Nafasi zilitolewa kwa bahati nasibu, hivyo waliopata wakalinganishwa na waliokosa. Waliopata, walipofika umri wa miaka mitano, walikuwa bora zaidi katika majaribio ya kujizuia na kujiongoza, na katika kutatua ugomvi wa kitoto kwa kurejelea haki. Ni utafiti mmoja wa watoto wachache, lakini ulielekea pale pale alipokuwa ameelekea daktari wa Roma.

Mnamo 1909 alichapisha kitabu kuhusu mbinu yake, na tafsiri ya Kiingereza iliyotoka Marekani mwaka wa 1912 ikauzwa kwa kasi. Alipozuru nchi hiyo mwishoni mwa 1913, umati ulijaa katika ukumbi wa Carnegie Hall jijini New York kumsikiliza. Miongoni mwa waliomuunga mkono ni Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, na mkewe Mabel. Katika maonyesho ya San Francisco ya 1915, darasa lake liliwekwa nyuma ya ukuta wa kioo, na wapita njia wakasimama kuwatazama watoto ambao hawakuwa na habari nao.

Sifa hizo zilififia upesi. Mnamo 1914 William Heard Kilpatrick, msomi wa elimu jijini New York, alichapisha kitabu akidai kuwa vifaa vya Montessori ni vichache, vina njia moja tu ya kutumiwa na vinabana ubunifu wa mtoto. Lawama hiyo haikuwa ya bure. Montessori alikuwa mkali mno kuhusu vifaa vyake na mafunzo ya walimu wake. Hakutaka mtu mwingine afunze walimu kwa jina lake bila idhini, na baadhi ya watu waliompenda walimwacha kwa sababu hiyo. Ukali huo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya mbinu iliyoanzia kwa walalahoi kuwa ghali.

Mnamo 1916 alichapisha kazi nyingine, mara hii kuhusu shule za msingi, akiipanua fikra ya mtoto kujielimisha hadi kwa wenye umri wa miaka sita na zaidi. Wakati huo alikuwa amehamishia shughuli zake Barcelona, Uhispania. Pembeni yake alikuwepo kijana Mario. Mamake Maria alikuwa amefariki mwishoni mwa 1912, na mwaka uliofuata Mario, akiwa na umri wa takriban miaka 15, alikuja kuishi naye. Mbele ya watu alitambulishwa kuwa mpwa wake au mtoto wa kupanga.

Doa jingine katika maisha yake ni uhusiano wake na Benito Mussolini. Walikutana mnamo 1924, na kiongozi huyo wa Wafashisti akaamua kuziunga mkono shule za Montessori. Fedha zilitoka, shule zikaongezeka, na Montessori hakuuliza sana kuhusu mkono uliozitoa. Pengine alidhani kuwa mtoto yuko juu ya siasa. Huenda naye Mussolini aliona watoto watulivu na kudhani kuwa huo ndio utiifu aliokuwa akiutafuta.

Walikuwa wameelewana visivyo. Mtoto aliyezoea kuchagua kazi yake na kujizuia kwa hiari si mtoto wa kupigishwa gwaride. Serikali ilipotaka udhibiti zaidi, urafiki ulivunjika, na kufikia 1934 Montessori alikuwa amekosana nayo kabisa. Shule zake nchini Italia zilifungwa. Nchini Ujerumani, chini ya Hitler, zilifungwa pia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uhispania mnamo 1936, alikimbia tena, na hatimaye akapata makao Uholanzi. Alikuwa na umri wa miaka 65, hana nchi wala fedha za kutosha, na shule zake nyingi zilikuwa zimebomolewa na watawala. Shirika la kimataifa alilolianzisha pamoja na Mario mnamo 1929 ndilo lililobaki mikononi mwake.

Mnamo 1939 alialikwa India na Chama cha Theosofia, ambacho makao yake yalikuwa Adyar, karibu na mji wa Madras, ambao sasa ni Chennai. Nchi hiyo haikuwa ngeni kwake kifikra; Mahatma Gandhi alikuwa amewahutubia wanafunzi wake wa ualimu jijini London mnamo 1931. Ziara ilikusudiwa kuwa ya miezi michache. Italia ilipoingia vitani mwezi Juni 1940 upande wa Ujerumani, Waingereza waliokuwa wakiitawala India walimzuilia Mario kambini kama raia wa nchi adui, naye Maria akawekewa mipaka ya kutembea.

Mnamo Agosti 31 mwaka huo alitimiza umri wa miaka 70. Mwakilishi wa Mfalme wa Uingereza nchini India aliamua kumpa zawadi ya siku ya kuzaliwa: Mario aliachiliwa. Taarifa ya kumwarifu ilimtaja kijana huyo waziwazi kuwa mwanawe. Kwa zaidi ya miaka 40 hakuna ofisi iliyowahi kuandika hivyo.

Wawili hao walibaki India hadi 1946, wakifunza walimu zaidi ya elfu moja. Katika mji wa milimani wa Kodaikanal waliishi na watoto wa umri mbalimbali, na huko ndiko walikoikamilisha kazi yao kuhusu wanafunzi wa shule ya msingi: watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili, wanaoanza kuuliza lipi ni haki na lipi si haki, na ambao hujiwekea kanuni wao kwa wao wakipewa nafasi. Hiki ndicho kipindi chenye utajiri zaidi katika nusu ya pili ya maisha yake, ingawa huzungumziwa kidogo kuliko San Lorenzo.

Baada ya vita alirejea Ulaya. Alipendekezwa kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel katika miaka ya 1949, 1950 na 1951, lakini hakuipata.

Mnamo Mei 6, 1952, alikuwa katika mji wa Noordwijk aan Zee, ufuoni mwa bahari nchini Uholanzi. Wafuasi wake husimulia kuwa siku hiyo alikuwa akizungumza na Mario kuhusu safari ya Afrika, kwenda kuwafunza walimu wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Mario alihofia afya yake, kwa kuwa alikuwa na umri wa miaka 81. Alitoka chumbani kwa muda mfupi, na aliporudi akakuta mamake ameaga dunia.

Alizikwa papo hapo Noordwijk, kwa kuwa alikuwa ameagiza azikwe popote atakapofia. Mario aliendelea kuliongoza shirika lao hadi alipofariki mnamo 1982. Katika wosia aliouacha, Maria Montessori alimwachia yeye kazi yake yote, na humo alimtaja kwa mkono wake kuwa mwanawe.